Hoteli inapotaka kujengwa jirani na makaazi ya pwani: namna ya kuwasilisha hoja za wakaazi

Habari ya hoteli mpya mara nyingi hufika kijijini kabla ya barua yoyote: wageni wanaonekana wakipima ufukweni, vigingi vyenye rangi vinachomekwa kati ya minazi, na jioni barazani kila mmoja ana lake la kusema. Huo ndio wakati wa kuanza kazi, kwa sababu mradi ulio bado kwenye ramani unaweza kusogezwa, lakini ukuta uliokwisha kusimama ni vigumu kuubomoa.

Hapa Zanzibar, anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu. Mwombeni kwa maandishi awaeleze nani ameomba eneo, mipaka yake ni ipi na maombi yamefikia wapi, na mtake kuiona ramani yenyewe, kwani maelezo ya "kutoka mkungu ule mpaka jabali lile" yamewaponza wengi. Masuala ya ardhi yako chini ya Kamisheni ya Ardhi, uwekezaji uko chini ya Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar (ZIPA), na mazingira yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA). Mkijua ni ofisi ipi ambayo bado haijaamua, mtajua barua yenu iende wapi kwanza.

Mlango ulio wazi zaidi kwa wakaazi ni tathmini ya athari za kimazingira, inayosimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya mwaka 2015. Wataalamu wanaoiandaa watakuja kuzungumza nanyi, na hapo ndipo pa kuwa makini. Kabla ya kutia saini karatasi ya mahudhurio, kisomeni kwa sauti kichwa chake, ili saini ya kuhudhuria isije ikahesabiwa kuwa saini ya kukubali. Mwekeni na mtu wenu wa kuandika kila kinachosemwa, pamoja na ahadi za ajira, kisima na skuli, na jina la aliyeahidi.

Hoja nzito hazipatikani mkutanini, zinapatikana pwani. Chagueni siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana, mtembee kundi moja lenye mvuvi, mama anayelima mwani na kijana mwenye simu ya kupigia picha. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kimekuwa hasa kazi ya wanawake, lakini mashamba yao hufunikwa na maji nusu ya siku, kwa hiyo mpimaji aliyekuja maji yamejaa huondoka akiamini kwamba hapo hapana kitu. Hesabuni kamba za mwani, andikeni ni za nani, na pigeni picha ambayo vigingi vya mwani na vigingi vya mpimaji vinaonekana pamoja. Onesheni pia diko ambapo ngalawa hupakia na kushusha, njia wanayopita wanaokwenda kuchokoa pweza, mikoko, na makaburi. Makaburi mengi ya zamani hayana maandishi, yana mawe tu kichwani na miguuni, na asiyeoneshwa atapita juu yake bila kujua.

Kisima nacho kinahitaji ushahidi wake. Katika mawe ya matumbawe, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na yanapovutwa kwa pampu kupita kiasi chumvi hupanda. Basi pimeni kina cha maji kwa kamba iliyofungwa fundo kila mita, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, na andikeni tarehe na ladha ya maji. Daftari la namna hiyo likiwepo kabla ya ujenzi, hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba maji yenu yalikuwa ya chumvi tangu zamani. Ulizeni vilevile hoteli itatoa wapi maji yake na maji machafu yatakwenda wapi.

Kuhusu ardhi, kumbukeni kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa kuwa ya umma, na mtu huwa na haki ya kuitumia, wakati mnazi au mkarafuu unaweza kuwa wa mtu mwengine kabisa. Hesabuni miti kwa majina ya wenyewe, na asikubali mtu kupokea fedha kwa niaba ya ndugu zake bila ya wao kujua.

Barua isiandikwe kwa hasira. Sentensi ya "hatuitaki hoteli" hujibiwa kwa neno moja, lakini hii inadai jibu kamili: "Tunaomba njia ya kwenda diko ibaki wazi usiku na mchana, ioneshwe kwenye ramani na iandikwe kuwa sharti la kibali." Msiwafiche vijana wanaotaka ajira, ambao haja yao ni ya haki, andikeni maoni yao humo humo, kwa sababu barua inayodai kauli moja huvunjika pale mmoja wao anaposimama kuipinga. Ipelekeni kwa mkono, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ziende kwa Mkuu wa Wilaya, diwani na Mwakilishi wenu katika Baraza la Wawakilishi.

Mkikaa bila ya jibu, muoneni msaidizi wa sheria wa eneo lenu au nendeni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, chenye ofisi Unguja na Pemba. Mgogoro wa ardhi yenyewe hupelekwa Mahakama ya Ardhi. Kila karatasi itolewe nakala tatu na zihifadhiwe katika nyumba tatu tofauti, moja ikiwa ya mwanamke anayelima mwani.