Kupimwa mzio hatua kwa hatua, pamoja na maswali yenu

Karibu kila siku kliniki mtu huniambia, "Sista, nataka nipimwe aleji zote." Kipimo cha namna hiyo hakipo. Tunapima kitu kimoja kimoja, na kila kimoja huchaguliwa kwa sababu ya jambo ulilotueleza. Ndiyo maana somo hili linaanzia nyumbani kwako, wala si maabara.

Hatua ya 1: Andika kabla hujaja

Chukua daftari. Dalili zikikushika, andika ulikula nini, ulikuwa wapi, ulijipaka nini, na hasa ilichukua muda gani kuanza. Muda ndio unaotusaidia kuliko yote. Mzio wa ghafla wa chakula kwa kawaida hujitokeza baada ya dakika chache, au ndani ya saa mbili: mwili kuwasha na kutoka vipele, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Mtu aliyekula samaki Jumatatu akaanza kuwashwa Alhamisi, mimi nitamwuliza kwanza amebadilisha sabuni gani. Anayepiga chafya akitandika kitanda, nitafikiria utitiri wa vumbi, wale vijidudu wa kwenye godoro wasioonekana kwa macho. Anayekohoa usiku kwenye nyumba yenye mende wengi, mende nao nitawapima, kwa sababu kinyesi na magamba yao huchochea pumu.

Njoo na dawa zote unazotumia, au picha zake kwenye simu.

Hatua ya 2: Dawa

Antihistamini, yaani dawa za kutuliza mzio, huzima kipimo cha ngozi. Setirizini na loratadini kwa kawaida huachwa wiki moja hivi kabla ya kipimo. Piriton siku chache. Angalia pia dawa za mafua za kemisti, nyingi zina antihistamini ndani na mtu hajui. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, nayo huharibu majibu, lakini usiiache mwenyewe, mwulize daktari aliyekuandikia.

Inhela ya pumu usiiache. Dawa ya presha pia usiiache, ila tuambie jina lake, kwa sababu baadhi, kama atenololi, hufanya mshtuko wa mzio uwe mgumu kutibu.

Hatua ya 3: Kipimo cha ngozi

Unalaza mkono mezani, upande wa ndani wa kigasha ukiangalia juu. Tunachora alama kwa kalamu, kisha kando ya kila alama tunaweka tone: utitiri, mende, paka, chavua ya nyasi, karanga, kulingana na maelezo yako. Halafu lanseti, kisindano kidogo, inapita kwenye tone na kuchoma ngozi juu juu tu. Damu haitoki, na hata watoto wengi huvumilia.

Kuna matone mawili ambayo kila mtu huwekewa. La histamini, kemikali ambayo mwili hutoa wakati wa mzio, lazima livimbe. Lisipovimba, kuna dawa bado mwilini na kipimo kizima hakina maana. La maji ya chumvi halitakiwi kuvimba. Likivimba, ngozi yako inavimba kwa kuguswa tu.

Baada ya dakika 15 hadi 20 tunasoma. Patawasha, usikune. Vitabu vingi huonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Kwa hiyo muuguzi mzuri hapimi kwa macho tu: hupitisha kidole, akahisi ukingo wa uvimbe, akauzungushia kalamu, akabandika selotepu juu yake na kuhamishia mchoro kwenye karatasi, ndipo akapima kwa rula. Uvimbe uliozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa. Ukiona mtu ametupa jicho tu na kusema huna kitu, mwombe apapase.

Mshtuko mkali wakati wa kipimo hiki ni nadra sana, lakini sindano ya adrenalini lazima iwe karibu. Usipimwe mahali isipokuwepo.

Hatua ya 4: Damu

Hii ni kwa mwenye ukurutu mwili mzima, au asiyeweza kuacha dawa. Hufungi kula wala huachi antihistamini. Tunatafuta IgE, kingamwili ya mzio, ya kitu mahususi. Ile IgE ya jumla peke yake haitoshi, maana hata minyoo huipandisha.

Hatua ya 5: Majibu

Hapa ndipo watu huumizwa. Jibu chanya linasema kwamba mwili wako umekitambua kitu hicho, halisemi kwamba kinakudhuru. Kama unakula mayai kila wiki na hupati shida, usiyaache kwa sababu ya karatasi. Nimeona watoto wakonde kwa kunyimwa maziwa, mayai na ngano kwa pamoja, na inaniuma. Penye shaka, daktari hupanga kipimo cha kula: mtoto hupewa chakula hicho kidogo kidogo hospitalini huku akiangaliwa kwa saa kadhaa. Usikijaribu nyumbani.

Maswali ya wanachama

*Mama Shiro, Umoja: Sista, wangu ana miezi kumi. Si bado mdogo?*

Hapana, mama. Hata mtoto mchanga hupimwa, ila uvimbe wake huwa mdogo na daktari analijua hilo.

*Msusi, Ngara: Nikipaka wateja rangi nyeusi ya nywele vidole vinapasuka siku ya pili. Nipimwe mkono?*

Dada, wako ni mzio wa kugusa, unaochelewa. Unahitaji vibandiko vya mgongoni: hukaa saa 48, vikatolewa na kusomwa, halafu unarudi tena siku moja au mbili baadaye. Mgongo usilowe wala usitoke jasho muda wote huo. Njoo na pakiti ya rangi na glavu unazovaa.

*Baba Kevo, Rongai: Nairobi fly ameniunguza shingo. Kuna kipimo?*

Hakuna, baba, kwa sababu huo si mzio. Ni sumu ya mdudu aliyepondwa, inaunguza ngozi ya yeyote. Osha mapema kwa sabuni na maji, na ukimwona tena mpulize, usimponde.

*Njeri, Kilimani: Jacaranda zikichanua napiga chafya. Ndizo?*

Huenda zinasingiziwa. Chavua yake hubebwa zaidi na wadudu, ile ya nyasi hubebwa na upepo. Tungeanza na nyasi na utitiri.

*Otieno, South B: Maabara moja ilinipima IgG ikanipa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha.*

Kaka, IgG ni kingamwili nyingine, si IgE ya mzio, na huonyesha tu kwamba chakula hicho umewahi kukila. Vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani vimekataa kipimo hicho kitumike kutambua mzio. Rudi mezani ule.

*Halima, Eastleigh: Niliambiwa utotoni nina mzio wa penisilini. Niandikwe hivyo maisha yote?*

Si lazima, dada. Wengi walioandikwa hivyo, takriban tisa kwa kila kumi, wakipimwa hukutwa hawana. Mwulize mama ilikuwaje: vipele tu, au ulivimba na kukosa pumzi? Njoo na jibu hilo. Mpaka upimwe, endelea kumwambia kila daktari.