Kutembea peke yako katika Msitu wa Karura: kilomita tano kwa saa tatu

Wengi huingia Karura kwa mwendo wa mazoezi, wakamaliza kilomita 10 na kutoka bila kuona mnyama isipokuwa kima wa pale maegesho ya magari. Msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi unahitaji mtu asiye na haraka. Ukiwa peke yako huna wa kuzungumza naye, na sauti ya watu ndiyo huwakimbiza wanyama mapema kuliko kitu kingine chochote. Lakini ukienda mbio, faida hiyo yote inapotea. Panga kilomita 4 au 5 kwa saa tatu, wala usione umetembea kidogo.

Nenda siku ya kazi, uwe langoni kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Wikendi, ikifika saa tatu, njia kuu zimejaa wakimbiaji, baiskeli na mbwa. Jioni nako wanyama hutoka, ila giza letu la ikweta huanguka ghafla, na chini ya miti huanza mapema zaidi. Aliye peke yake awe ameanza kurudi kabla ya saa kumi na moja. Kiingilio hulipwa kwa simu, kwa hiyo fika na chaji ya kutosha, na ubebe kitambulisho kwa sababu bei ya raia si ya mgeni. Ukitumia matatu, za Ruaka na Banana hupita Limuru Road. Upande wa Kiambu Road panda namba 100.

Beba maji lita moja katika chupa ya kujazwa tena. Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku katika hifadhi na misitu ya Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, na walinzi wa langoni wana haki ya kukuzuia. Vaa suruali ndefu, soksi ndefu na viatu vyenye meno chini. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa, kwani yenye nguvu zaidi hutikisika mkononi na huingiza mwanga kidogo kivulini. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa zipu. Kima wamezoea kunyang'anya, na kila anayewapa ndizi humharibia atakayepita baada yake.

Kabla ya kuingia, mtumie mtu ujumbe: umeingia lango gani, unaelekea wapi, utatoka saa ngapi. Piga picha ramani iliyo langoni. Njia panda za Karura zina nguzo zenye namba, na namba hizo ndizo anwani yako msituni. Andika kila namba unayoipita. Ukiteguka mguu, kumwambia mlinzi "niko karibu na namba fulani" kunaleta msaada haraka, ilhali "niko kwenye miti mirefu" hakumsaidii. Ukipotea, usikate njia ya mkato. Rudi hadi namba ya mwisho uliyoandika. Safari ya kwanza fuata njia inayopita mapangoni na kwenye maporomoko, kwa sababu watu hawakosekani huko. Vipokea sauti vya masikioni viache nyumbani: vinakunyima ndege, na vinakuzuia kusikia baiskeli inayokuja nyuma.

Sasa mwendo wenyewe. Tembea hatua 50, simama dakika mbili. Usiposimama, unachosikia ni viatu vyako tu. Kisha tafuta mahali pamoja pa kukaa dakika 15 kamili, mgongo kwenye shina, nguo zisizong'aa. Dakika za mwanzo hutaona kitu, kwa kuwa ndege wamenyamaza kukuchunguza. Wengi huinuka wakati huo huo na kuondoka. Vumilia.

Mahali pa kukaa pana uzito kuliko muda. Mikalitusi iliyopandwa kwa mistari ni mizuri kwa kivuli, lakini chini yake hamna vichaka wala matunda mengi, basi na wanyama ni wachache. Kaa pale mashamba hayo yanapokutana na msitu wa asili. Utaujua kwa fujo yake: mizabibu ya porini, vichaka, mukinduri wenye matawi yaliyotandazwa na majani yaliyo meupe kama fedha upande wa chini. Muhugu pia ana weupe huo chini ya jani, ila gome lake ni la kijivu na limepasuka kwa urefu. Ni mti ambao wachongaji wa vinyago waliupenda mno, na kuukuta mkubwa umesimama ni bahati. Mipaka hii inazidi kujaa miche ya asili. Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipigwa hadi kuvuja damu alipokwenda kupanda miti hapa, wakati ardhi hii ilipokuwa ikigawiwa wajenzi. Usikanyage miche hiyo kwa ajili ya picha.

Tazama juu ukiona vipande vya majani mabichi vinaanguka pasipo upepo: huenda ni mbega, waliorejeshwa Karura baada ya kutoweka. Chini, paa wadogo hujitokeza kwa mtikiso wa sikio tu. Kima wakianza kupiga kelele kali kwa pamoja, tafuta angani tai mwenye kishungi, ambaye huwawinda.

Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, udongo mwekundu huteleza vibaya, hasa kwenye mteremko wa kushukia maporomoko. Shuka hatua fupi, ukikanyaga kwa mguu mzima badala ya kisigino. Msimu huo huo siafu huvuka njia. Kabla hujasimama, tazama chini. Wakikupanda, kimbia hatua 20 kwanza ndipo uwatoe, maana ukisimama palepale wengine wanaendelea kupanda. Thabai, ule mmea wa majani yanayowasha, ikikuchoma usijikune. Osha kwa maji. Maji ya mto usiyanywe, yanapita makazi ya watu kabla ya kufika hapa.

Ukitoka, mjulishe yule uliyemwachia ujumbe. Nyumbani kagua nyuma ya magoti, kinena na kwapa kutafuta kupe. Akiwepo, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumzungusha.