Paa bapa linalovuja kwenye nyumba ya kisasa ya mstari: pa kuanzia na pa kumalizia

Nyumba ya usanifu wa kisasa (ule mtindo wa paa bapa wa miaka ya 1920 na 1930) iliyobanwa kati ya nyumba kongwe za mtaa haina upenu. Maji yote ya paa hutokea kwenye tundu moja au mawili, na kuta za ubavuni ni za pamoja na majirani. Kwa hiyo doa likitokea darini, kupaka lami paa zima ni kupoteza lami. Mara nyingi maji hupenya pembezoni: kuzunguka tundu, pale paa linapokutana na ukuta, na juu ya kofia ya ukuta, yaani kifuniko cha kichwa chake. Tena doa la chini halionyeshi maji yalipoingilia, kwa sababu yakishaingia kwenye ufa wa zege husafiri mbali kabla ya kudondoka.

Panda juu saa 48 baada ya mvua. Dimbwi likiwa bado lipo, mteremko hautoshi. Vuta uzi toka ukutani hadi tunduni: kila mita 1 paa lishuke angalau milimita 12. Ukimwaga sakafu mpya ya mteremko, lenga milimita 25 kwa mita, maana zege la chini hulegea kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Kisha pima lami ilivyopanda ukutani. Ikiwa ni chini ya milimita 150, umeshapata mshukiwa wa kwanza.

Kuthibitisha, ziba tundu kwa puto la mpira la kuzibia mabomba, jaza maji ya kina cha milimita 25 na uyaache saa 24. Maji ya milimita 25 yana uzito wa kilo 25 kwa kila mita ya mraba, hivyo usifanye jaribio hili juu ya paa la mbao au zege lenye nondo zilizo wazi. Mwarifu jirani kabla, akague dari yake pia. Pasipovuja, zibua tundu, kisha mwagia ukuta kwa mpira wa maji, dakika 15 kila sehemu, ukianzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipoingilia.

Kutengeneza zege ndiyo kazi inayoharibiwa zaidi na papara. Nyumba nyingi za zege za mtindo huu zilijengwa kwa zege jembamba, nondo zikafunikwa kidogo tu. Hewa ya ukaa ikipenya hupunguza ualkali unaozilinda nondo. Kisha unyevu huleta kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulibandua zege kwa ndani. Gonga uso wote kwa nyundo ndogo. Panapotoa sauti ya mvungu, bomoa. Fuata nondo hadi uone chuma safi, na uchimbe milimita 20 nyuma yake ili kiraka kiishike pande zote. Kata kingo za kiraka wima, kina cha milimita 10, bila kugusa nondo. Kiraka kilichokwanguliwa kikaisha kwa ncha nyembamba hubanduka. Nondo iliyopungua unene ni ya kumwonyesha mhandisi, si ya kupakwa rangi.

Zege likishakauka, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha shiti ya lami. Jaza kona ya paa na ukuta kwa mshazari wa saruji wa milimita 50 kwa 50, kwa sababu shiti ya lami ikikunjwa kwa pembe kali hupasuka. Bandika vipande vya tundu na vya kona kwanza, kisha shiti kubwa kuanzia upande wa chini, ili kila mpishano uelekee maji yanakokwenda: milimita 100 ubavuni, 150 mwishoni. Malengelenge yakitokea baadaye, ujue unyevu ulifungiwa chini.

Karibu na ukuta wa jirani usitumie moto wa gesi. Nyuma ya matofali ya kale kunaweza kuwa na ncha za boriti kavu zilizochomekwa ukutani, na moto hufuka humo bila kuonekana kwa saa kadhaa. Tumia shiti ya kujibandika. Juu yake chomeka bati la kinga kwenye mkato wa ukutani wenye kina cha milimita 25. Kwenye ukuta wa kale uliojengwa kwa chokaa, mkato huo uzibe kwa chokaa, sehemu 1 kwa mchanga 3. Saruji kali huzuia ukuta kupumua na hula kingo za matofali.

Ukiongeza tabaka la kuzuia joto, sakafu ya paa huinuka na zile milimita 150 za lami iliyopanda ukutani hupungua. Wengi huinua ukuta wa mbele ili kufidia, na hapo ndipo sura ya nyumba inapopotea. Nyumba tatu za msanifu majengo Ernő Goldfinger pale Willow Road, London, zilizokamilika 1939, zinasimama vizuri kati ya majirani kwa sababu mstari wake wa juu umenyooka na ni mwembamba. Punguza unene wa tabaka hilo karibu na ukingo, au omba kibali cha mamlaka ya uhifadhi kabla ya kununua hata tofali moja. Mwisho, toboa tundu la dharura ukutani, juu kidogo ya tundu kuu na chini ya kizingiti cha mlango wa paa, majani yakiziba maji yamwagike nje.