Jinsi ya kupekua rundo la video za upelelezi

Baada ya ghasia za London za Agosti 2011, polisi walikusanya zaidi ya saa 200,000 za video za CCTV (kamera za usalama). Mpelelezi mmoja akitazama saa 8 kila siku angemaliza baada ya miaka 68. Ndiyo maana kompyuta huchuja kwanza, mtu akathibitisha.

Nakili faili asilia, kokotoa hashi ya SHA-256 (alama ya kidijitali inayobadilika faili likiguswa), kisha fanyia kazi nakala tu.

Saa isiyo sahihi ya kamera inaweza kuharibu kesi. Ukiwa mbele ya kinasa, yaani kifaa kinachohifadhi video za kamera, piga picha skrini yake pamoja na saa ya simu iliyounganishwa na mtandao. Saa ya kinasa ikiwa mbele kwa dakika 7, toa dakika 7 kwenye rekodi zake zote. Usipofanya hivyo, mshukiwa anaweza kuonekana amefika kabla ya kuondoka.

Weka kila kamera kwenye ramani, na mwelekeo wake, kisha panga video kwenye mstari wa muda. Mapengo yataonekana papo hapo.

Sasa tumia programu ya kompyuta kutafuta watu na magari. Kuchambua fremu (picha moja ya video) 1 kwa sekunde huokoa muda, lakini gari la kilomita 60 kwa saa husogea karibu mita 17 katika sekunde hiyo; barabarani tumia fremu 5. Usitafute kwa rangi usiku: kamera ya infraredi huonyesha kijivu, na koti jekundu laweza kuonekana jeupe.

Anza na kizingiti cha chini, yaani kiwango cha uhakika ambacho programu inahitaji ili ikuonyeshe kitu, uvumilie matokeo ya uongo. Programu isipoona kitu, hiyo si alibi, yaani ushahidi kwamba mtu hakuwapo.