Leseni ya udalali wa nyumba Texas: hatua kwa hatua, kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili

Kwetu Tanga dalali ni mtu mwenye simu, mdomo na viatu vinavyostahimili vumbi. Anakuonyesha chumba asubuhi, jioni anadai kodi ya mwezi mmoja. Huku Texas, ukimtafutia mtu nyumba ukalipwa bila leseni, umevunja sheria, hata kama aliyekulipa ni shemeji yako na mlikula pilau pamoja Idi iliyopita.

Ninafanya kazi hii Fort Worth. Wanaonipigia simu ni Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania wachache, na wengi hawaulizi nyumba. Wanauliza: "Kaka, ule mtihani ni mgumu?" Nimelijibu swali hilo kwenye maegesho ya misikiti na makanisa mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandike. Jibu fupi ni kwamba wengi wetu hukwama kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye mtihani, na waliofika huangushwa na maneno kuliko hesabu.

Hatua ya 1: Jina lako liwe moja

Usilipie kozi yoyote kwanza. Toa leseni yako ya udereva, kadi ya ukaazi au cheti cha uraia, na kadi ya Social Security. Ziweke mezani, usome jina herufi kwa herufi.

Kwa aliyezaliwa Dallas hatua hii ni mzaha. Kwetu sisi ni nusu ya kazi. Nilimsaidia bwana mmoja aliyekuja kupitia kambi ya Nyarugusu. Leseni yake ya udereva ilikuwa na majina matatu, kadi ya ukaazi ilikuwa na mawili yaliyopinduliwa, na kwenye kozi alijisajili kwa jina la ubatizo ambalo halikuwa kwenye karatasi hata moja. Alisoma miezi mitano, akafika mlangoni pa chumba cha mtihani, akarudishwa. Ada haikurudi.

Chagua jina lililo kwenye kitambulisho chenye picha utakachokwenda nacho mtihanini, halafu ulitumie hilo hilo shuleni, kwenye maombi na kwenye akaunti ya mtihani. Kama kitambulisho chenyewe ndicho chenye makosa, kirekebishe sasa, kabla hujaanza kuhesabu masaa ya darasani. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo hivyo. Najua wengi wetu tulipewa tarehe 1 Januari. Si neno, ilimradi iwe 1 Januari kila mahali.

Hatua ya 2: Ujue kama unaruhusiwa

Anayetoa leseni ni tume ya jimbo inayoitwa TREC, makao yake Austin. Inataka uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, uwe raia wa Marekani au mgeni aliyeingia na kukaa kihalali, na uwe mtu wa kuaminika. Cheti cha sekondari hakitakiwi kwa ngazi hii ya kwanza, ya wakala anayefanya kazi chini ya broka, yaani dalali mwenye leseni ya ngazi ya juu. Nalisema kwa sauti kwa sababu kuna akina mama wenye akili za biashara ambao hawajathubutu kuuliza, wakidhani shule iliyokatizwa na vita imewafungia mlango.

Kama umewahi kushtakiwa, hata kwa jambo la zamani, usikate tamaa wala usifiche. TREC ina utaratibu wa kupima sifa za mtu kabla hajajiandikisha kwa kozi: unajaza fomu, unalipa ada ndogo, unaambiwa mapema kama historia yako itakuwa kikwazo. Kinachowaponza watu zaidi ni kosa walilolificha kwenye fomu, maana alama za vidole zitalitaja hata kama wewe hukulitaja.

Hatua ya 3: Saa 180 za darasani

Kozi ni sita, kila moja saa 30: misingi ya mali isiyohamishika sehemu ya kwanza na ya pili, sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, fomu rasmi za mikataba, na fedha za nyumba. Shule lazima iwe imeidhinishwa na TREC. Unaweza kusoma mtandaoni usiku baada ya shifti, kama nilivyofanya mimi, na kila kozi ina mtihani wake wa mwisho.

Usinunue vitabu vya zamani kwa rafiki. Bunge la Texas hukaa kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, na likikaa huwa halikosi kugusa sheria ya udalali. Kitabu cha bei nafuu kilichoandikwa kabla ya kikao cha mwisho kinaweza kukufundisha jibu ambalo leo ni kosa.

Hatua ya 4: Peleka maombi mapema, uende ukapigwe alama za vidole

Maombi hujazwa kwenye tovuti ya TREC na hudumu mwaka mmoja tangu uyapeleke. Ndani ya mwaka huo uwe umekamilisha masomo, mtihani na ukaguzi wa rekodi. Mimi niliyapeleka nikiwa nimebakiza kozi mbili, na ningerudi nyuma ningefanya vile vile. Vyeti vya kozi ukavitume mara unapovipata, usingoje virundikane.

Alama za vidole hupigwa kwa miadi maalumu kwa ajili ya TREC. Zile ulizopigwa ulipoanza kazi ya kutunza wazee hazitumiki hapa. Na kama mikono yako imekaa miaka kwenye kiwanda cha nyama kule Amarillo, au kwenye maji na dawa za kusafishia, mistari ya vidole huwa imelika na mashine huikataa. Paka losheni kila usiku kwa wiki moja kabla ya kwenda. Wakikuambia urudie, rudia bila kununa.

Nilipofanya mimi, mtihani ulikuwa dola 43 na vidole vilikaribia dola 40. Ada ya maombi na ya shule ni juu ya hizo, kwa hiyo tazama bei ya sasa kwenye tovuti kabla ya kupanga bajeti.

Hatua ya 5: Kusoma, na hapa ndipo tukae

Mtihani una sehemu mbili: ya kitaifa, dakika 150, na ya jimbo, dakika 90. Alama ya kupita ni asilimia 70 kwa kila sehemu. Ukifaulu moja na kuanguka nyingine, unarudia ile uliyoanguka tu. Ukianguka mara tatu, unatakiwa usome tena saa 30 kwa sehemu moja, au 60 kama ni zote mbili.

Miezi miwili ya mwanzo nilisoma vibaya. Nilikariri maana za Kiingereza kama mtoto wa madrasa anayekariri asichokielewa. Kilichonifungua ni siku nilipoanza kuyatafsiri maneno kwa lugha ya nyumbani.

Chukua yale yanayoishia na -or na -ee, yanayowachanganya hata Wamarekani. "Lessor" ni mpangishaji, "lessee" ni mpangaji. Kiswahili kimekwishakupa jibu kwenye kitenzi: mmoja anapangisha, mwingine anapanga. "Grantor" anatoa mali, "grantee" anaipokea. Sasa fika kwa "mortgagor". Kila mtu hudhani ni benki, kwa kuwa benki ndiyo inayotoa pesa. Lakini jiulize kwa Kiswahili: nani anaweka rehani? Mama akipeleka mkufu wake kwa mkopeshaji, anayeweka rehani ni mama. Basi "mortgagor" ni mkopaji, anatoa nyumba iwe dhamana, na benki inayopokea dhamana ndiyo "mortgagee". Sijakosea swali hilo tangu siku hiyo.

Kuna mahali lugha yetu inakusaliti vile vile. Sisi tunasema "mteja" na tumemaliza. Mtihani unatofautisha "client" na "customer", na tofauti hiyo inabeba maswali mengi ya uwakala. "Client" ni yule uliyekubali kumwakilisha. Huyo anakudai utii, kutunza siri zake, na kutanguliza maslahi yake mbele ya yako. "Customer" ni mtu wa upande mwingine. Kwake unadaiwa ukweli na uadilifu, basi. Mnunuzi anakuambia "niko tayari kufika 310,000" na wewe unamwakilisha muuzaji: lazima umwambie muuzaji. Ukiwa umelelewa kuona kupeleka maneno ni tabia mbaya, swali hili litakuumiza. Usijibu kwa malezi, jibu kwa sheria.

Hesabu ni chache na mitego yake ni ile ile. Mfano: muuzaji anataka abaki na dola 188,000 baada ya kamisheni ya asilimia 6. Auze kwa ngapi? Wengi huzidisha 188,000 kwa 1.06, wanapata 199,280, na jibu hilo limewekwa pale makusudi. Kamisheni hukatwa kwenye bei ya kuuzia, kwa hiyo muuzaji anabaki na asilimia 94 ya bei. Gawanya 188,000 kwa 0.94, unapata 200,000.

Mwingine: nyumba imekubaliwa 250,000, mthamini kasema ina thamani ya 240,000, benki inakopesha asilimia 80. Benki huchukua thamani iliyo ndogo. Asilimia 80 ya 240,000 ni 192,000, na mnunuzi atafute 58,000 mwenyewe. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Namba hiyo iandike kwenye kiganja cha akili.

Sehemu ya jimbo huwaangusha watu wanaoidharau kwa ufupi wake. TREC ina wajumbe tisa, sita mabroka na watatu raia wa kawaida. Makazi ya familia yanayolindwa dhidi ya wadai ni hadi ekari 10 mjini. Shambani ni ekari 200 kwa familia na 100 kwa mtu aliye peke yake. Nyumba iliyoshindwa kulipiwa hupigwa mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi. Fomu za mikataba zilizotolewa na TREC ni za kujaza nafasi tu. Ukianza kutunga vifungu vyako, umefanya kazi ya wakili bila kuwa wakili. Soma mkataba wa nyumba ya familia moja hadi nne mstari kwa mstari. Humo utakuta kwamba vyuma vya kuning'inizia televisheni ukutani vinabaki na nyumba, na muda wa mnunuzi wa kujitoa huisha saa 11 jioni kwa saa ya mahali nyumba ilipo. Kwenye karatasi imeandikwa 5:00 p.m.; usije ukaisoma kwa saa zetu.

Ratiba yangu ilikuwa saa moja kila usiku na mtihani wa majaribio kila Jumamosi. Sikuweka tarehe ya mtihani mpaka nilipopata asilimia 85 mara tatu mfululizo. Wengine wataona huo ni woga.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

TREC ikithibitisha masomo yako, utapewa namba na ruhusa ya kuweka miadi kwa Pearson VUE, wanaosimamia mtihani. Fika nusu saa kabla. Simu, saa na pochi hubaki nje. Mimi nilijibu kwanza maswali ya maneno, hesabu nikaziacha mwisho, na sikubadilisha jibu ila nilipoona neno nililoliruka, hasa "isipokuwa". Matokeo hutoka hapo hapo.

Hatua ya 7: Tafuta broka

Ukifaulu, leseni hutolewa ikiwa imelala. Huwezi kufanya kazi mpaka broka mwenye leseni akubali kukudhamini, na kamisheni yako yote hupitia kwake. Kwa hiyo usitekwe na anayekuahidi asilimia kubwa. Muulize: unanikata kiasi gani, kuna ada ya mwezi hata nisipouza, na nikikwama na mkataba saa 3 usiku nampigia nani? Swali la tatu ndilo lililonichagulia broka wangu. Dada mmoja wa Nakuru alichagua kwa asilimia, akakaa miezi minne bila mtu wa kumsomea mkataba wake wa kwanza.

Weka akiba pia kwa ajili ya uanachama wa chama cha madalali na mfumo wa orodha za nyumba. Gharama hizo huja kabla ya kamisheni yoyote, na mwaka wa kwanza sikuacha kazi yangu ya usiku.

Hatua ya 8: Saa 98 zinazosahauliwa

Leseni ya kwanza ni ya miaka miwili. Kabla ya kuihuisha unadaiwa saa 98 zaidi: kozi tatu za saa 30 na mbili za saa 4 kuhusu mabadiliko ya sheria. Anza kozi ya kwanza mwezi wa sita tangu upate leseni, kabla wateja hawajakuzoea. Na cheti cha kila kozi, kabla hujakihifadhi, kitazame jina.