Jinsi ya kupima mnato wa damu ya trauti katika nyuzijoto tofauti

Damu ya samaki huzidi kuwa nzito kadiri inavyopoa: mnato wake hupanda, yaani hutiririka kwa shida zaidi. Ugumu ni kutenganisha uzito ulioletwa na baridi na ule uliouleta wewe kwa kumsumbua samaki.

1. Mtulize samaki. Usimkimbize kwa wavu. Trauti akishtuka, adrenalini huvimbisha seli zake nyekundu na wengu humwaga nyingine. Hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) inapanda, na mnato nao. Mara yangu ya kwanza nilipata namba kubwa nikafurahi, kumbe nilikuwa nimepima hofu. Ukitumia dawa ya usingizi ya MS-222, tia sodiamu baikaboneti kwanza, kwani dawa hiyo peke yake hufanya maji kuwa na asidi.

2. Vuta damu kwenye mshipa wa mkiani kwa sindano iliyosuuzwa na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Fanya haraka, inaganda upesi.

3. Pima hematokriti, kisha lete sampuli zote kwenye kiwango kimoja, tuseme asilimia 25, kwa kuongeza au kuondoa plazima (majimaji ya damu bila seli) ya samaki yuleyule. Maji ya chumvi hayafai hapa: yanapunguza protini, nazo zina mchango wake katika mnato.

4. Hakiki viskometa, yaani kipima mnato, kwa maji safi. Lazima usome takriban milipaskali-sekunde (kizio cha mnato) 1.0 kwenye nyuzi 20, 1.3 kwenye 10, na 1.8 kwenye sifuri. Ikikataa, usiguse damu bado.

5. Pima kwenye nyuzi 15, 10, 5 na 0, ukisubiri joto litulie kila mara. Tumia kasi kadhaa za mzunguko wa viskometa, kwa sababu damu ikienda polepole ni nzito kuliko ikienda mbio. Mwishoni rudia nyuzi 15. Namba ikihama, seli zimetuama au zimeharibika.

6. Pima plazima pekee vilevile, kisha gawanya mnato wa damu kwa mnato wa plazima wa joto lilelile. Uwiano usipobadilika, baridi imefanya kazi yake kwenye plazima tu. Ukipanda, shuku seli: huenda zimekakamaa au zinashikana.

Ukitaka kulinganisha spishi, ruka hatua ya 3. Samaki wa barafu wa Antaktika, wanaoishi kwenye maji ya karibu nyuzi -1.9, hawana hemoglobini kabisa wala karibu seli nyekundu zozote, na damu yao ni nyepesi kwa sababu hiyohiyo. Ukiisawazisha utakuwa umefuta tofauti unayoitafuta.