Unanunua nyumba Dar? Mtafute wakili wako kabla dalali hajakutafutia

Nyumba nyingi hapa mjini zinauzwa hivi. Umeiona, umeipenda, mmepatana bei, dalali anakwambia: "Bosi, twende kwa wakili tukaandikishiane." Wakili mwenyewe ni wa dalali. Ofisi iko juu ya duka la simu, mkataba tayari umo kwenye kompyuta, kinachobadilishwa ni majina na kiasi cha pesa. Mnasaini, muhuri unagongwa, nusu saa mmemaliza. Mnunuzi anatoka akiamini kuwa wakili amethibitisha nyumba ni ya muuzaji. Hajathibitisha kitu. Ameshuhudia watu wawili wakisaini karatasi, basi.

Kazi yangu ni uhamisho wa milki, na mafaili yanayonisumbua kuliko yote ni ya watu ambao kwa wakili walikwenda, tena na risiti wanayo. Kuna wakili anayeshuhudia na kuna wakili anayesimamia, na bei zao hazifanani. Hatua zifuatazo ni za kukusaidia kumpata huyo wa pili. Ninazungumzia Tanzania Bara tu. Zanzibar wana sheria yao ya ardhi na chama chao cha wanasheria, kwa hiyo nyumba ya huko itafutie wakili wa huko.

Hatua ya 1: Jua unanunua nyumba yenye karatasi gani

Kabla hujampigia wakili yeyote, mwombe muuzaji nakala ya alichonacho. Ardhi yote nchini ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, hivyo hata mwenye hati miliki ana haki ya kukaa kwa kipindi: miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 inakuletea kazi ya kuihuisha pamoja na nyumba. Wapo wauzaji wenye leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Wapo wengi tu, hasa kwenye maeneo yasiyopimwa, ambao karatasi yao pekee ni mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Fleti nazo zina hati zake chini ya sheria ya mwaka 2008.

Nyumba yenye hati inataka wakili anayezijua njia za ofisi ya ardhi. Nyumba isiyo na hati inataka wakili aliye tayari kuvaa viatu vya kutembelea na kwenda kuongea na majirani wa mipaka yote minne. Ni nadra kumpata mtu mmoja mwenye uzoefu mzuri wa vyote viwili.

Hatua ya 2: Pata majina matatu, na dalali asiwe chanzo

Waulize watu walionunua miaka ya karibuni, lakini swali lisiwe "wakili wako alikuwa mzuri?" Kila mtu atakujibu ndiyo. Uliza: "Hati imeshatoka kwa jina lako?" Ukijibiwa "bado inafuatiliwa" na mwaka wa tatu unakatika, umepata jibu. Chanzo kingine kizuri ni maofisa wa mikopo ya nyumba benki. Benki haitoi mkopo juu ya hati yenye utata, kwa hiyo mawakili inaowatumia wamezoea kuchimba.

Chukua wakili aliye mkoa ilipo nyumba. Huduma za ardhi zilipelekwa kwenye ofisi za mikoa, na faili lako litatembea, au litalala, kwenye ofisi ya mkoa husika. Ukinunua nyumba Kigamboni kwa wakili wa Arusha, yeye atamtuma mwenzake wa Dar na utawalipa wote wawili. Walioko Muscat, London au Toronto ndio wanaoumia zaidi hapa, kwa sababu wakili wao huwa ni yule aliyependekezwa na ndugu anayesimamia ununuzi, na ndugu naye alipelekwa na dalali.

Hatua ya 3: Mkague kabla hujapanda ngazi za ofisi yake

Mawakili vishoka, yaani wa bandia, wapo, na baadhi wana ofisi nzuri kuliko yangu. Fungua mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, tafuta kwa jina au kwa namba yake ya uwakili, uone kama anaruhusiwa kufanya kazi sasa hivi. Cheti cha uwakili huhuishwa kila mwaka. Wakili halali wa mwaka jana anaweza kuwa hana ruhusa leo.

Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Lazima apite Shule ya Sheria, kisha aapishwe na Jaji Mkuu. Kijana anayekupokea kwa tabasamu na kukuandikia kila kitu mara nyingi ni karani au mwanasheria ambaye hajaapishwa. Si kosa akikuandalia chai na karatasi, ila anayesaini na kuwajibika awe mwenye jina lililomo kwenye mfumo. Na kishoka mjanja hutumia jina la wakili halisi, hivyo usiishie kwenye jina: tazama cheti cha mwaka huu, omba kitambulisho, linganisha sura.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza, msikilize anavyouliza

Hapa usiwe na haraka. Nenda na nakala ya hati, eleza kwa kifupi, halafu nyamaza. Wakili wa kusimamia atakuuliza maswali mpaka uchoke. Jina kwenye hati ni la huyu anayekuuzia? Nani anaishi mle ndani kwa sasa? Kuna mpangaji, na mkataba wake unaisha lini? Umeshatoa pesa yoyote, hata ya kushikia? Wakili wa kushuhudia atakuuliza mnakuja kusaini lini.

Kuna mambo matatu ambayo asipoyagusa mwenyewe, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

La kwanza ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Kwa hiyo wakili lazima aulize kama muuzaji ameoa, na mke yuko wapi. Akisema ana mke mmoja, wakili mzoefu huuliza tena kwa upole: "Na mwingine?" Akisema hana kabisa, aape kwa maandishi.

La pili ni mirathi. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama shauri lilikuwa Mahakama ya Mwanzo, utaona Fomu namba 4. Wakili anayejua kazi haridhiki na fomu hiyo peke yake. Anataka kuwajua warithi wote, kusikia kama wameafiki, na kwenda mahakamani kuhakikisha usimamizi haujatenguliwa wala hakuna pingamizi.

La tatu ni muuzaji asiyeonekana. "Nyumba ni ya kaka, yuko Dubai, mimi nina hati ya uwakilishi." Inawezekana ni kweli. Mwulize wakili angefanyaje. Jibu ninalolipenda: hati ya uwakilishi iwe imesajiliwa, imtaje wazi kuwa anaruhusiwa kuuza na kupokea pesa, na kaka mwenyewe apigiwe simu ya video ameshika pasipoti yake.

Baada ya hapo uliza yako. Unamwakilisha nani, mimi au sisi wote wawili? Wakili mmoja kwa pande zote ni jambo la kawaida Dar kwa sababu linapunguza gharama, nami silipendi: siku muuzaji atakapogoma kutoa hati, huyo wakili atasimama upande gani? Utafanya upekuzi, yaani kukagua rekodi za nyumba ofisi ya ardhi, kabla sijalipa au baada? Nani atafuatilia hadi hati itoke kwa jina langu? Jibu baya kuliko yote ni hili: "Usiwe na wasiwasi, muuzaji namfahamu." Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na wasiwasi.

Kuhusu upekuzi, ambao mtaani wanauita sachi: usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba "iko safi". Itake karatasi yenyewe. Soma jina la mmiliki aliyesajiliwa, namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, halafu shuka kwenye vikwazo. Hapo ndipo utaona kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Tazama tarehe pia. Upekuzi wa miezi sita iliyopita ni historia. Mwombe wakili aurudie siku chache kabla hujalipa, kwa sababu zuio linaweza kuingia wakati mnajadiliana bei. Na kama muuzaji ana nakala tu, na hati halisi "iko kwa shemeji", uwezekano mkubwa shemeji huyo ni benki.

Hatua ya 5: Ada iandikwe, na itenganishwe

Ipo amri ya malipo ya mawakili ya mwaka 2015 inayotoa viwango, ingawa watu hupatana. Mtu akikutajia "milioni mbili, kila kitu ndani", mwombe aichambue. Ada yake ni ipi? VAT imo? Ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1, umo? Mthamini je? Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa nchini, na bila kuilipa TRA uhamisho haukamiliki. Mkubaliane kwa maandishi nani anailipa na lini, maana muuzaji akishapokea pesa yote huwa hana tena hamu ya kwenda TRA.

Malipo ya serikali yana kontroli namba. Mwambie wakili akutumie namba hizo ulipe mwenyewe kwa simu au benki. Yeye mlipe ada yake tu, akupe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ilipwe kwa awamu, na awamu ya mwisho, iliyo nono kiasi cha kumfanya akukumbuke, isubiri hati. Kuhusu ile asilimia kumi ambayo baadhi ya ofisi za serikali za mtaa zimezoea kudai kwenye mauziano, mwulize wakili ni sheria ipi inayoitaja, kisha mtazame usoni.

Akikushauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi, tafuta mwingine. Kodi itatazama thamani ya mthamini, na mkifikishana mahakamani, pesa utakayoweza kuonyesha ulilipa ni ile iliyoandikwa.

Hatua ya 6: Siku ya kusaini

Omba rasimu siku mbili tatu kabla. Kama Kiingereza cha kisheria kinakupa shida, mkataba uandikwe Kiswahili. Ni halali kabisa. Chini kabisa pawe na jina na anuani ya aliyeuandaa. Mkataba usio na jina la mwandaaji unaweza kukataliwa kwenye usajili, na wakili anayekwepa kuweka jina lake ana sababu zake. Kwenye sehemu ya ushuhuda, soma kama wakili ameandika kwamba yeye anamfahamu muuzaji binafsi, au muuzaji ametambulishwa kwake na fulani. Kama ni fulani, awe ni mtu unayeweza kumpata kesho, asiwe dalali.

Fomu za uhamisho, yaani Na. 29, 30 na 35, zisainiwe siku hiyo hiyo, picha zikiwa zimebandikwa, na hati halisi ibaki kwa wakili wako. Muuzaji aliyelipwa husafiri, hubadili namba, hufariki. Pesa ya nyumba iende moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Kama sehemu yake itashikwa na wakili mpaka kibali cha uhamisho kitoke, ikae kwenye akaunti ya wateja ya ofisi, na mkataba useme itatolewa lini.

Hatua ya 7: Mfuatilie bila aibu

Mwombe nakala ya kila kilichopokelewa ofisi ya ardhi, chenye muhuri wa mapokezi au uthibitisho wa mfumo, kisha mkubaliane siku ya kupeana taarifa. Mimi mteja anayenipigia kila Ijumaa ananichosha, na faili lake ndilo linalotangulia. Wakili akizima simu, mwandikie barua ya kudai faili lako. Asipojibu, peleka malalamiko Chama cha Wanasheria Tanganyika au Kamati ya Maadili ya Mawakili, ukiambatanisha makubaliano ya ada na risiti.

Hati ikitoka, isome palepale dirishani kabla hujasaini kitabu cha mapokezi: jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya kiwanja, kitalu, na ukubwa wa eneo.